Mpangaji wa Chumba cha Pili

Nilikuwa mpishi wa shule moja ya msingi pale Kangemi, na jiko langu liligawana ukuta wa mabati na darasa la saba. Ukuta wenyewe ulijaa matundu ya misumari, kwa hiyo nilisoma la saba miaka mitano mfululizo bila kuvaa yunifomu na bila kufanya mtihani. Shule yangu mwenyewe niliiachia la nne, mwaka ambao baba aliona mbuzi wanamhitaji mtu aliyesoma. Hesabu za la saba zilinishinda hata kupitia matundu. Lakini somo la Mwalimu Nthenya la Ijumaa nililishika, na ndilo lililonitia taabuni.

Nthenya alikuwa msichana wa Kikamba, mwembamba, mwenye sauti ndogo. Siku ya kwanza nilidhani wale watoto watamla na chumvi. Hawakumla. Alianzisha somo lile mwaka wa elfu mbili na tano, muhula wa pili, baada ya Zadock kumpasua Were mdomo kwa rula ya mbao.

"Kwa nini umempiga?"

"Alinicheka, Mwalimu."

"Were, ulimcheka?"

"Mimi? Hata sikuwa namwona! Nilikuwa nacheka shosho, vile anafukuzana na kuku huko jikoni."

Were hakudanganya; shosho, yaani nyanya, ndiye mimi. Kuku wa jirani alikuwa ameingia kwenye sinia langu la maharagwe, na mimi mbio zangu hazijawahi kuwa kitu cha kutazamwa na watu wenye heshima.

Nthenya akachora ubaoni vyumba vinne vimepangana, kila kimoja na mlango wake.

"Nani hapa anaishi kwa ploti?"

Mikono yote ikapanda.

"Basi hii ni ploti. Chumba cha kwanza, kitu kimetokea. Chumba cha nne, kitu umefanya. Zadock ametoka cha kwanza, huyo, mpaka cha nne. Amepitia wapi?"

"Juu ya mabati, Mwalimu!"

Wakacheka. Nami huku nikacheka, nikaziba mdomo kwa mwiko.

"Hakuna mtu hupita juu ya mabati. Chumba cha tatu ni moyo. Hasira, woga, aibu, hapo ndipo zinakaa. Na chumba cha pili kuna mpangaji. Huyu kazi yake ni kuongea. Kitu kikitokea tu, yeye anatoa kichwa mlangoni na kukuelezea maana yake, hata kama hakuona. Were amecheka. Zadock, mpangaji wako alikuambia nini?"

Nikasikia dawati la Zadock likikwaruza sakafu. Kisha akasema, polepole, "Ati anacheka viatu zangu."

Darasa zima likatazama chini ya dawati lake. Alikuwa amevaa viatu vya dada yake, vyenye kifungo pembeni. Mpaka siku ile hakuna mtu aliyekuwa ameviona.

"Hatumfukuzi mpangaji," Nthenya akasema. "Huyo haondoki mpaka unakufa. Lakini kabla hujashika rula, mwulize neno moja. Wewe umejuaje?"

Niliunguza maharagwe siku ile.

Baada ya wiki chache aligundua ninasikiliza. Akaniita. "Shosho, njoo utuletee mfano. Hawa mifano yao yote ni ngumi." Basi kila Ijumaa, sufuria zikishaoshwa, niliingia na aproni yangu, nikapewa kiti cha mwalimu, nikawapa kisa. Niliwaeleza juu ya jirani aliyeacha kunisalimia mwezi mzima, nikamchukia kwa nguvu zangu zote, kumbe alikuwa ameng'olewa meno na anangoja ya bandia. Wakajaza vyumba vinne kwenye madaftari. Chumba cha pili: *ananidharau*. Cha tatu: *hasira*. Cha nne: *shosho akamwaga maji machafu kwa mlango wake*. Nthenya akanitazama. "Kweli ulimwaga?" Nikamwambia mkono uliteleza.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa mwalimu msaidizi. Visa vyangu vyote vilikuwa vya kuchekesha, na vyote vilikuwa vimekwisha. Kile ambacho hakijaisha sikukigusa.

Nilikuwa na mtoto mmoja tu, Becky, aliyeolewa Kinoo na mtu anayeitwa Kiarie, karani wa benki, wa familia yenye ploti na nyumba za kupangisha. Mimi nilikuwa yaya. Miaka ishirini nilifua nepi za watu Lavington, ndani ya ukuta mrefu wenye askari langoni, nikamlea Becky kwa likizo za Jumapili. Sasa, kwetu Wagikuyu, msichana wa kwanza anachukua jina la mama wa mume, na wa pili anachukua la mama wa mke. Hakuna anayeuliza wala kuomba. Ni kama Jumatatu inavyofuata Jumapili. Akishaitwa wewe, umezaliwa tena, na watu wanamwita mtoto huku wanakuchekea wewe. Msichana wa kwanza wa Becky aliitwa Nyakio, jina la mama yake Kiarie. Sawa. Nikangoja wangu, Njambi.

Wahu alizaliwa mwaka wa elfu mbili na moja. Nilikwenda hospitalini na chupa ya uji wa wimbi na shali mpya. Nikasimama kando ya kitanda, nikapaza sauti ili wanawake wa vitanda vya jirani wasikie: "Nipeni Njambi wangu nimwone."

Becky akageukia ukuta. Kiarie ndiye aliyejibu, macho yakiwa sakafuni. "Mama, huyu anaitwa Wahu."

Wahu ni dada yake Kiarie.

Niliiweka chupa juu ya kabati, nikasema nimesahau kitu getini, nikaondoka. Mpangaji wangu alianza kuongea kabla sijafika ngazini. *Hawataki jina la yaya. Mtoto wa karani wa benki aitwe mfua nepi? Mtoto wako mwenyewe anakuonea haya.* Miaka minne hakupumua. Becky alikuja Kangemi mara tatu kunitafuta. Mara zote tatu nilichuchumaa nyuma ya pipa la maji huku jirani akisema nimesafiri. Mara ya tatu aliacha kifurushi cha sukari na majani ya chai. Nilimpa jirani vyote, ndiyo, na nikaenda kwake kunywa.

Basi Ijumaa moja ya mwezi wa kumi, asubuhi, nilimwona Becky soko la Kangemi akichagua sukuma wiki. Alikuwa amekonda, shingo imekuwa ya mtu mwingine. Nilijificha nyuma ya rundo la kabeji mpaka akaenda. Mwenye kabeji akaniuliza kama nanunua au nalala hapo.

Mchana Nthenya akaniita darasani, na mzaha sikuwa nao. Nikasema, "Kuna mama mmoja wa Uthiru ninayemjua." Nikawapa kisa chote, jina, hospitali, chupa ya uji. Sikuwapa pipa la maji. Mama wa Uthiru alistahili heshima kidogo.

Wakajaza vyumba. Were akasema, "Mimi najua. Labda hilo jina lilikuwa baya. Labda aliitwa Karai." Wakacheka, nikacheka nao kwa meno tu.

Nyuma kabisa alikaa msichana anaitwa Nakhumicha, aliyekuwa anaishi na shangazi yake, mtoto wa maneno machache. Akainua mkono.

"Shosho, kwetu mtu haitwi jina la mtu ako hai. Tunaita wale wamekufa. Mimi ningekuwa huyo mama ningefurahi. Ningesema, kumbe wanataka niishi."

"Kwao si hivyo," nikasema. "Kwao ni dharau."

"Aliwauliza?"

"Mambo ya jina hayaulizwi, mtoto wangu."

"Sasa alijuaje?"

Nilifungua mdomo. Mimi, ambaye nimewahi kumjibu askari kanjo wa jiji mpaka akanisaidia kubeba mzigo, nikaanza kufunga upya kamba ya aproni. Nthenya alinitazama, kisha akageukia ubao haraka akaanza kuufuta, ingawa haukuwa na kitu. Nadhani alishajua mama wa Uthiru anapika githeri jikoni kwetu.

"Kazi ya nyumbani," akasema akiwa ametupa mgongo. "Kila mtu achague kitu kimoja alichoambiwa na mpangaji wake. Aende amwulize mwenyewe, yule mtu wa kweli. Wakubwa pia."

Jumamosi saa nane nilianza safari ya Kinoo kwa miguu, kando ya Waiyaki Way, na ndizi mbivu kwenye kiondo. Ningeweza kufika upesi, lakini nilitaka magoti yapate nafasi ya kukataa. Hayakukataa. Njia nzima nilijifunza la kusema. *Becky, kwa nini hukunipa mtoto wa jina langu?* Nilipofika Uthiru lilikuwa limekuwa, *Becky, habari ya siku nyingi?* Nilipoliona geti lao lilikuwa limebaki, *Hodi.*

Mlangoni hapakuwa na mtu mzima. Msichana wa miaka minne alikuwa ameketi kwenye ngazi, anaosha kiatu cha plastiki ndani ya kopo. Alikuwa na paji la uso la mama yangu. Nilishika nguzo ya baraza.

"Wewe ni nani?" akaniuliza.

"Wewe je?"

"Mimi ni Wahu. Mami ameenda duka, baba na Nyakio hawako."

"Na mimi ni Njambi."

Aliniangalia vile karani anavyoangalia kitambulisho kisicho na picha.

"Si wewe."

"Ni mimi, tangu zamani."

"Uongo. Njambi ni mdogo. Ako huku."

Akanishika kidole kwa mkono uliolowa. Nilifuata, nikifikiri kuna mpangaji wa ploti yao aliyemwita mtoto wake Njambi, na tayari nimeanza kumwonea wivu mpangaji huyo. Tulipita vyumba vya kupangisha, vyote kumi, tukapita tangi la maji. Nyuma kulikuwa na kamba za nguo. Wahu akapita chini ya blanketi lililoanikwa, nami nikainama nikapita, maji yakanidondokea shingoni. Mbele yetu palikuwa na ua wa miiba, na chini ya ua, mviringo wa vipande vya matofali vilivyopakwa chokaa, mdogo kama karai la kuogea mtoto.

"Njambi huyu," Wahu akasema. "Usikanyage. Mami akikuja hapa hataki kuongeleshwa."

Sikukanyaga. Nilisimama na kiondo changu. Niliyatazama yale matofali, na mpangaji wangu, yule asiyelala, kwa mara ya kwanza katika miaka minne hakuwa na la kusema.

Becky alitukuta pale. Alikuwa na unga na mkate mikononi, na hakuviangusha. Aliviweka juu ya jiwe la kufulia, taratibu, kimoja kimoja.

"Wahu, nenda umalize kiatu chako."

Mtoto akaenda. Tukabaki sisi watatu.

"Lini?" nikauliza.

"Tisini na tisa. Mwezi wa sita."

Mwaka huo nilikuwa Kampala. Matajiri wangu wa Lavington walihamishwa kikazi, watoto wao wakalia kwamba hawaendi bila mimi, basi nikaenda, mwaka na nusu. Nilikuwa nasifiwa kwa kuogesha watoto. Wageni waliitwa kuja kuona.

"Alikuja mapema," Becky akasema. "Miezi saba. Alikaa siku tisa. Nilimwita siku ya kwanza, hata Kiarie hajafika. Nilimwambia, wewe ni Njambi, nyanya yako ni mtu wa fujo, sasa na wewe fanya fujo, pumua."

"Na hukuniandikia."

"Ningeandika nini, Mami? Nishike kalamu niandike, Njambi amekufa? Nimwandikie nani? Njambi?"

Hilo sikuwa nimelifikiria. Katika yote aliyoniambia yule mpangaji, usiku na mchana, hilo hakuwahi hata kulikaribia.

"Nilisema utarudi nikuambie uso kwa uso. Ukarudi. Ukashuka na yale mashuka uliyopewa Kampala, unacheka, unamwiga yule bibi uliyemfanyia kazi anavyoita mbwa wake. Nikasema kesho. Na kesho nikasema kesho. Baadaye nikapata mimba ya Wahu. Mama yake Kiarie akasema tusilirudie jina, liachwe lipumzike, lisije likamchukua na huyu. Wengine hulirudia. Yeye aliogopa. Na mimi niliogopa, Mami. Niliogopa kuliko yeye."

"Ungeniambia hospitalini."

"Dakika ngapi?" Hapo ndipo sauti yake ilipopanda. "Ulinipa dakika ngapi? Nilikuwa natafuta pa kuanzia kwenye huo ukuta. Nikigeuka, kuna chupa ya uji tu."

"Nilidhani unanionea haya. Kwamba mimi ni yaya."

Alinitazama kama mtu aliyeambiwa maneno ya lugha asiyoijua.

"Nani alikuambia hivyo?"

Ningemwambia nani? Kwamba kuna mtu wa chumba cha pili? Nilitikisa kichwa.

"Nilikuja Kangemi," akasema.

"Najua."

"Mara tatu."

"Nilikuwa nime..."

"Ulikuwa nyuma ya pipa. Mara ya tatu niliona kitambaa chako cha kichwa, hicho cha maua. Nilisimama pale karibu niite. Halafu nikajiambia, wacha, Mami amejua kuhusu mtoto, mtu amemwambia. Amejua nilimzika bila yeye na hataki kuniona tena."

"Sikujua chochote."

"Sasa najua hukujua."

Kwa hiyo tulikuwa wawili, kila mmoja na mpangaji wake, na katikati pipa la lita mia mbili. Nilijaribu kutafuta mzaha. Huwa upo, hata kwenye matanga ya mume wangu niliupata, watu wakanitazama vibaya. Nilitafuta pale chini ya ua wa miiba na sikuuona. Nikasema, "Nisamehe, Becky."

Becky aliinama. Aliokota unga na mkate. "Njoo ndani unywe chai."

Nilipewa kiti cha kitambaa na kikombe cha kioo chenye kisahani, kile cha wageni. Yeye na Wahu walinywea vikombe vya bati. Niliona, na niliona kwamba yeye ameona kuwa nimeona. Yule wa chumba cha pili akakohoa, akasogea mlangoni. *Umeona? Mgeni. Kwa mtoto wako wewe ni mgeni.* Nikajikuta nakusanya kiondo, miguu yangu imeshaelekea mlango, kama siku ile ya hospitali. Geti lilikuwa pale, hatua ishirini. Na nilijua nikilifikia sitarudi tena. Nilikuwa na miaka sitini na sita, na nguvu ya kutembea Waiyaki Way mara ya pili na swali lilelile sikuwa nayo.

Nikaketi tena.

"Becky. Hiki kikombe. Umenipa hiki kwa nini?"

"Ati nini?"

"Nauliza tu. Ni kwa kuwa mimi ni mgeni?"

Alikishika kikombe chake cha bati kwa mikono miwili, na uso wake, uliokuwa umefungwa tangu kule nyuma, ukaanza kutetemeka kuanzia kidevuni.

"Ni kizuri," akasema. "Nimekiweka tangu Wahu azaliwe. Nilisema siku Mami akija."

Alilia wakati huo, si kule kwenye matofali. Alilia kwa sauti, na Wahu akaacha kunywa, akamtazama, akanitazama mimi kama mimi ndiye niliyempiga. Sikumwambia anyamaze. Sikusema mambo yamekwisha, maana hayakuwa yamekwisha, na mengine hayataisha. Jina langu litabaki palepale nyuma ya tangi la maji. Becky alikuwa amefunga uzazi. Hilo pia aliniambia alasiri ile. Hakutakuwa na Njambi mwingine.

Nikamwambia, "Niambie zile siku tisa."

"Zote?"

"Sikuwepo hata moja."

Akaanza. Siku ya kwanza alikuwa mdogo kama mkate, na nywele nyingi, nyeusi, zimelala upande mmoja. Siku ya pili walimtia kwenye sanduku la kioo, na Becky akaruhusiwa kuingiza mkono mmoja. Siku ya tatu alishika kidole. Siku ya nne nesi mmoja, mama mnene wa Kakamega, alimwimbia. Siku ya tano alikataa maziwa, wote wakaogopa, kisha akayakubali. Siku ya sita alipiga chafya, na Kiarie akaenda ukumbini kuwaambia watu asiowajua kwamba binti yake amepiga chafya. Siku ya saba Becky aliamini kwamba atamleta nyumbani, akatuma mtu anunue soksi. Siku ya nane mtoto alifungua macho yote mawili, akatazama huku na huku, kama mtu anayetafuta nani anaongea.

Sikukatiza. Mzaha haukuja, na sikuuita.

Siku ya tisa hakuisema. Mabati yalianza kugongwa na matone, moja moja, makubwa. Becky akafuta uso kwa kanga, akainuka, akasema blanketi litalowa tena. Nikainuka nikamfuata nyuma ya nyumba. Lilikuwa zito kwa maji, mtu mmoja asingeliweza. Tukaliondoa kambani, akashika pembe mbili, nami nikashika mbili, tukalivuta kila mtu upande wake mpaka likanyooka.